Uvinza na chumvi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wanafunzi, wasafiri wa Kigoma, wafanyabiashara na watu wenye asili ya Uvinza wanaoishi mbali huuliza yaleyale kuhusu mji huu, nasi tumeyakusanya hapa. Palipo na jibu lililokwisha kutolewa, tunakuelekeza kwenye namba yake badala ya kulirudia.

## Mambo ya msingi

1. Uvinza iko wapi hasa?

Iko magharibi mwa Tanzania, mkoa wa Kigoma, kiasi cha kilomita 100 kusini-mashariki ya Kigoma mjini. Ni mji mdogo uliokaa karibu na pale Mto Ruchugi unapomwaga maji yake kwenye Mto Malagarasi. Reli ya Kati inapita hapo, na barabara ya kutoka Kigoma kwenda Tabora inapita hapo pia. Ukitazama ramani utaona mji, mito miwili, reli, halafu misitu pande zote. Hakuna mji mwingine mkubwa karibu, na mtu anayeuliza kwa nini watu walijikusanya mahali hapo anahitaji jibu moja tu: chumvi.

2. Chumvi ya Uvinza inatoka kwenye mto?

Hapana, na hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote, hata na watu wa Kigoma. Maji ya Malagarasi na ya Ruchugi ni baridi, ya kunywa na kupikia. Chumvi inatoka kwenye chemchemi zilizo kando ya mito hiyo. Maji makali yenye chumvi huchomoza kutoka ardhini hatua chache tu kutoka kwenye maji yasiyo na chumvi. Mojawapo ya chemchemi hizo, inayojulikana sana na wanahistoria, inaitwa Pwaga.

Mto una kazi nyingine kubwa katika habari hii, nayo ni kupanga kalenda. Masika mito inafurika, maji yake yanazifunika chemchemi, chumvi inachanganyika na maji baridi na kupotea. Kiangazi mito inashuka, chemchemi zinabaki wazi, kazi inaanza. Karibu kila jambo katika historia ya Uvinza linafuata zamu hiyo ya maji kupanda na kushuka: nani alikuja, alikuja lini, alikaa muda gani, alimlipa nani. Ukilishika hili, majibu mengi ya mbele yatakuwa mepesi.

3. Bahari iko mbali zaidi ya kilomita elfu. Chumvi ilifikaje huku?

Haikuletwa na bahari ya leo. Miamba ya bonde la Malagarasi ni ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500, na ndani yake zimo tabaka zenye chumvi. Maji ya mvua huzama ardhini, hupita taratibu kwenye tabaka hizo, hubeba chumvi kama maji ya moto yanavyobeba rangi ya majani ya chai, kisha hupanda juu penye nyufa. Kwa kuwa maji yanaendelea kuzama na kupanda, chemchemi zimeendelea kutoa chumvi kizazi baada ya kizazi bila mtu kuchimba shimo refu.

Ziwa Tanganyika nalo si la chumvi, iwapo ulikuwa unafikiria huko. Wavuvi wa Kigoma wanaokausha dagaa walihitaji chumvi kutoka kwingine, na kwingine huko kulikuwa Uvinza.

4. Mji wa Uvinza ndio makao makuu ya Wilaya ya Uvinza?

Hapana. Wilaya ya Uvinza ilianzishwa mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa iliyokuwa Wilaya ya Kigoma Vijijini, ikapewa jina la mji huu, lakini ofisi za halmashauri zipo Lugufu, mahali palipokuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Kongo hadi mwaka 2009. Kwa hiyo ukiwa na shughuli ya halmashauri, usishuke Uvinza mjini ukatafuta ofisi ya mkurugenzi. Wilaya yenyewe ni kubwa sana, inafika mpaka mwambao wa Ziwa Tanganyika na milima ya Mahale (swali la 20).

5. Wavinza ni Waha?

Ni majirani na ndugu wa karibu, lakini Wavinza wana jina lao, historia yao na watawala wao wa jadi. Kivinza kimo katika kundi moja na Kiha, Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo Mha na Mvinza wakizungumza kila mtu kwa lugha yake wanasikilizana bila shida kubwa. Upande wa kusini wapo Watongwe, na upande wa mashariki wapo Wanyamwezi. Mji wenyewe siku nyingi umekuwa wa mchanganyiko, kwa sababu chumvi iliita watu wa kila upande, na Kiswahili ndicho kinachosikika zaidi sokoni na stesheni.

## Chumvi ya zamani

6. Watu walianza lini kutengeneza chumvi Uvinza?

Zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Mwanaakiolojia John Sutton na mwanahistoria Andrew Roberts walifanya kazi Uvinza miaka ya 1960, wakachimba kwenye maeneo ya chemchemi na kukuta tabaka juu ya tabaka za majivu, mafiga, mashimo yaliyosiribwa kwa udongo na vigae vya vyungu. Mkaa uliopatikana katika tabaka za chini ulipimwa umri kwa njia ya kaboni 14, na majibu yakaangukia karne ya 5 na ya 6 Baada ya Kristo. Hizo ni nyakati za Zama za Chuma za mwanzo, wakulima wenye ujuzi wa kufua chuma walipokuwa wanaenea katika sehemu hii ya Afrika.

Maana yake ni kwamba kazi ya chumvi hapa ilitangulia misafara ya pembe za ndovu, ilitangulia Ujiji kuwa mji, ilitangulia Wajerumani na reli yao. Vitabu vingi vya shule vinaitaja Uvinza kwa mstari mmoja tu, katika orodha ya mahali palipotengenezwa chumvi kabla ya ukoloni. Naona ni haki yake kutajwa kwa zaidi ya hapo. Ni viwanda vichache katika nchi hii vinavyoweza kuonyesha historia ndefu kiasi hicho mahali palepale.

7. Walitengenezaje bila mashine?

Kwa moto, vyungu na uvumilivu. Maji ya chumvi yalichotwa kwenye chemchemi, yakamiminwa kwenye vyungu vya udongo vilivyotelekwa juu ya mafiga, yakachemshwa mpaka maji yakaisha na chumvi ikabaki chini. Mashimo yaliyosiribwa udongo, ambayo yalikutwa katika tabaka za zamani zaidi, yanaonyesha kwamba mbinu zilibadilika kadiri karne zilivyopita. Haikuwa kazi iliyofanywa kwa namna moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Fikiria mahitaji yake. Vyungu vinapasuka, kwa hiyo lazima wawepo wafinyanzi au wauza vyungu karibu. Moto hauzimwi, kwa hiyo lazima wawepo wakata kuni. Watu wanakaa wiki nyingi kwenye vibanda vya muda, kwa hiyo lazima kiletwe chakula. Ndiyo maana rundo la vigae ni kubwa na majivu ni mengi: hapa palikuwa na kambi kubwa ya kazi kila kiangazi, inavunjwa mvua zikianza, inarudi mwaka unaofuata.

8. Ilikuwa mali ya Wavinza peke yao?

Chemchemi zilikuwa chini ya watawala wa Kivinza, lakini kazi haikuwa ya Wavinza peke yao. Watu walikuja kutoka Buha, Unyamwezi na kwingine, wakachemsha chumvi yao wenyewe, na watawala wakachukua sehemu kama ushuru. Utaratibu huu ulimfaa kila mmoja. Mgeni aliondoka na mzigo, mtawala alipata chumvi ya kubadilishana bila kuchemsha, na mwenyeji aliuza chakula na vyungu.

9. Chumvi ilifika wapi, na ilibadilishwa na nini?

Ilizunguka katika eneo pana: Buha, Burundi, Unyamwezi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, na kuvuka ziwa hadi upande wa Kongo. Ilisifiwa kwa usafi. Katika sehemu nyingi za bara, watu walipata chumvi kwa kuchoma majani na nyasi fulani na kuchuja majivu yake, na chumvi ya namna hiyo ina uchungu. Aliyezoea chumvi ya majivu akionja ya Uvinza hakuhitaji kushawishiwa.

Ilibadilishwa na majembe ya chuma, nafaka, mifugo, nguo na pembe za ndovu. Wanyamwezi, ambao baadaye walijulikana kama wapagazi wakubwa wa misafara ya pwani, walikuwa na uzoefu wa safari za chumvi na majembe ya ndani kabla ya biashara ya pembe kushamiri. Njia walizozijua kwa miguu ndizo zilizosaidia kufungua njia kuu ya kutoka pwani kwenda Ujiji.

10. Ni kweli Burton, Speke na Stanley walipita Uvinza?

Ndiyo. Richard Burton na John Speke walivuka Malagarasi kabla ya kufika Ujiji mwezi Februari 1858. Henry Morton Stanley alipita Uvinza mwaka 1871 akimtafuta Livingstone. Kilichowakera wasafiri hawa, na wakakiandika kwa hasira, ni hongo, yaani ushuru waliodaiwa na watawala wa njiani, pamoja na malipo ya kuvushwa mto kwa mitumbwi. Soma maandishi yao ukikumbuka upande wa pili: mto ulikuwa na wenyewe, mitumbwi ilikuwa na wenyewe, na msafara wenye mamia ya watu ulikuwa unapita kwenye nchi ya watu. Kudai malipo ya kivuko ni jambo ambalo serikali yoyote hufanya.

Wote walikuta biashara ya chumvi ikiendelea. Hakuna aliyeigundua.

## Kutoka vyungu hadi kiwanda

11. Wajerumani walibadilisha nini?

Walibadilisha umiliki kwanza, mbinu baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Kijerumani ilianzisha kiwanda cha chumvi mahali hapa, pakaitwa Saline Gottorp, jina utakaloliona kwenye ramani za wakati huo. Chemchemi zilizokuwa zikitumiwa na watu wa nchi kadhaa kwa utaratibu wa ushuru (swali la 8) zikawa mali ya kampuni, na mtu aliyezoea kuja kiangazi na vyungu vyake akawa kibarua wa mshahara, au akabaki mnunuzi.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa chumvi uliokuwa unabebwa kichwani kwa siku nyingi sasa ulipakiwa kwenye behewa. Tawi la kutoka Tabora hadi Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, wakati wa Waingereza, chumvi ikapata njia ya kwenda Kanda ya Ziwa. Kwa upande wa Kigoma, meli ziliivusha ziwa.

12. Kiwanda cha Uvinza huitwa "Nyanza". Jina hilo linatoka wapi? Uvinza haiko Ziwa Victoria.

Linatokana na kampuni iliyoendesha kiwanda enzi za Waingereza, Nyanza Salt Mines, na jina likaganda. Baada ya uhuru kiwanda kikawa mali ya umma, kikaangukia chini ya Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lililoanzishwa mwaka 1972, na katika wimbi la ubinafsishaji kikaenda kwa mwekezaji binafsi. Mzee wa Uvinza akikwambia alifanya kazi "Nyanza", anamaanisha kiwanda cha hapohapo.

13. Leo chumvi inatengenezwaje?

Kwa jua zaidi kuliko moto. Maji ya chumvi huvutwa kwa pampu kutoka kwenye chemchemi na visima, hupelekwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua na upepo vikafanya kazi. Maji yanavyopungua, vitu vilivyomo havigandi kwa pamoja. Kwanza hutua chokaa na jasi, kisha chumvi yenyewe, na mwisho hubaki maji machungu yenye magnesiamu. Ujuzi wa kazi hii upo katika kujua wakati: kuhamisha maji kutoka bwawa moja kwenda jingine kabla jasi haijachanganyika na chumvi, na kumwaga maji machungu kabla hayajaganda juu yake. Chumvi iliyokaushwa bila kujali hatua hizo huwa nyevu, chungu, na huvuta maji hewani.

Baada ya hapo huvunwa, huoshwa, hukaushwa, husagwa, huwekwa madini joto (swali la 15) na kufungwa.

14. Kwa nini chumvi ya Uvinza hupungua madukani msimu wa mvua?

Jua linapungua, mvua inaingia kwenye mabwawa, na mito inapanda. Ni kalenda ileile ya swali la 2. Pampu na matuta vinasaidia, lakini hakuna pampu inayozuia mawingu. Mfanyabiashara anayejua kazi yake hununua na kuhifadhi akiba kabla ya Novemba.

## Kwa mnunuzi na mlaji

15. Chumvi ya Uvinza ina madini joto?

Chumvi yoyote ya kula inayouzwa Tanzania inatakiwa kisheria iwekwe madini joto, na sharti hilo limekuwepo tangu miaka ya 1990. Chemchemi za Uvinza zenyewe hazitoi madini joto ya kutosha. Yanaongezwa kiwandani, kwa kawaida kwa kunyunyizia iodeti ya potasiamu.

Usilichukulie hili kama jambo la lebo tu. Udongo wa maeneo ya bara, hasa ya milimani, una madini joto kidogo, na mtu anayekula mazao ya udongo huo bila nyongeza huweza kupata uvimbe wa tezi ya shingo. Lililo zito zaidi halionekani shingoni: mama mjamzito mwenye upungufu anaweza kupoteza mimba, au kuzaa mtoto ambaye ubongo wake haukukua ipasavyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mjamzito.

Kwa hiyo, chumvi ghafi inayouzwa kwa kipimo kutoka kwenye gunia lisilo na maandishi, hata kama ni nyeupe na imetoka Uvinza kweli, usiiweke jikoni mpaka ujue kama imewekwa madini joto. Inafaa kwa kuhifadhi ngozi za wanyama au kwa mifugo, si kwa uji wa mtoto. Hata iliyowekwa, itunze kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko na jua, na uitie kwenye chakula mwishoni mwa mapishi. Joto na unyevu hupunguza madini hayo.

16. Ni bora kuliko chumvi ya pwani?

Zote mbili ni kloridi ya sodiamu, na zikitengenezwa vizuri huwezi kuzitofautisha mezani. Ya pwani, kutoka Bagamoyo, Tanga, Lindi, Mtwara na kwingineko, hutokana na maji ya bahari yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ya Uvinza hutokana na chemchemi zenye maji makali zaidi na uchafu mdogo, na ndiyo sababu sifa yake ilienea mapema. Usafi wa mfuko ulioushika mkononi, hata hivyo, unategemea aliyeitengeneza na aliyeifunga, si jina la mahali. Wala hakuna chumvi "isiyopandisha presha". Kiwango kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, itoke Uvinza au itoke Bagamoyo.

17. Mwananchi wa kawaida anaweza kuanza kutengeneza chumvi?

Chumvi ni madini kwa mujibu wa sheria, hivyo unahitaji leseni. Kwa mchimbaji mdogo ni leseni ndogo ya uchimbaji, inayotolewa kwa Watanzania na kudumu miaka saba kabla ya kuhuishwa. Anzia ofisi ya Tume ya Madini ya mkoa. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha eneo halimo tayari ndani ya leseni ya mwingine, maana sehemu nzuri zilishachukuliwa siku nyingi.

Kuna sharti jingine ambalo watu wa mtoni hulisahau: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chemchemi nyingi ziko karibu na maji. Pima kwanza.

## Mto na misitu

18. Malagarasi unatoka wapi na unaenda wapi?

Unaanzia nyanda za juu karibu na mpaka wa Burundi, unakuwa mpaka kwa sehemu ya safari yake, unazunguka kupitia mabwawa makubwa ya mashariki, kisha unageuka magharibi, unapita Uvinza na kuingia Ziwa Tanganyika kusini ya Kigoma, upande wa Ilagala. Una urefu wa kilomita 475 hivi. Mabwawa hayo, Malagarasi-Muyovozi, yaliorodheshwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, nayo hufyonza maji ya masika na kuyaachia polepole. Bila mabwawa hayo, mafuriko ya Uvinza yangekuwa makali zaidi na kiangazi chake kikavu zaidi. Anayelisha ng'ombe au kulima ndani ya ardhioevu hiyo, mbali huko juu ya mto, anagusa maisha ya mtu wa Uvinza.

Jambo moja linalonivutia: mto huu una samaki wa jamii za Mto Kongo. Wataalamu wanaeleza kwamba Malagarasi ni wa kale kuliko Ziwa Tanganyika. Zamani ulitiririka kuelekea Kongo, kisha bonde la ufa likafunguka na ziwa likaukata. Samaki walibaki upande wetu.

19. Chumvi iliharibu misitu?

Ilikula miti mingi. Kuchemsha maji mpaka yakauke ni njia ya kutumia nishati isiyo na huruma, na kuni zake zilitoka kwenye miyombo inayouzunguka mji. Wakati wa vyungu, kambi zilikuwa za msimu na watu wachache, na miyombo ina tabia ya kuchipua kwenye visiki ikipewa nafasi. Enzi za kiwanda mahitaji yalipanda na nafasi hiyo ikapungua.

Kukausha kwa jua kumeondoa sehemu kubwa ya mzigo huo, na kwa maoni yangu ndiyo hatua ya maana kuliko zote zilizofanyika katika kazi hii kwa miaka mia moja iliyopita. Lakini misitu ya Uvinza haijapona, kwa sababu mkaa, mashamba mapya na ufyekaji kwa ajili ya mifugo vimeingia mahali pa kuni za chumvi. Udongo usio na miti hushuka mtoni, mto hujaa mchanga, mafuriko huzidi, na chemchemi hufunikwa mapema. Mtu anayependa chumvi ya Uvinza ana sababu ya kuipenda miti yake pia.

## Kufika na kutembelea

20. Naenda Mahale kuona sokwe. Nishukie Uvinza?

Hapana. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, imo katika Wilaya ya Uvinza lakini iko mwambao wa ziwa, mbali na mji. Wageni wengi huanzia Kigoma kwa boti. Wanaochanganya ni wengi kwa sababu ya jina la wilaya (swali la 4).

21. Njia nzuri ya kufika Uvinza ni ipi?

Kutoka Kigoma, gari. Barabara ni ya lami na safari haichoshi. Kutoka Tabora unaweza kuja kwa barabara inayovuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, au kwa treni. Treni ni ya polepole na ratiba yake hubadilika, hasa masika maji yanapoharibu tuta la reli, kwa hiyo uliza stesheni kabla ya kufunga mizigo. Ukiwa na muda, panda treni. Utaona miyombo, mabwawa na stesheni ndogo ambazo gari halikuonyeshi.

Kuhusu reli ya kisasa, SGR: mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na kuna mradi wa tawi kutoka Uvinza kwenda Musongati nchini Burundi, kwenye akiba ya nikeli. Ukikamilika, mji huu utakuwa makutano ya reli.

22. Naweza kuingia kiwandani kuangalia?

Kwa ruhusa. Kiwanda ni mali binafsi. Nenda getini mapema, eleza shida yako, na walimu wenye wanafunzi waandike barua kabla ya safari. Usipige picha bila kuuliza. Kando ya mabwawa vaa viatu vilivyofunika mguu, kwa sababu maji makali ya chumvi huunguza kidonda. Kando ya mito jihadhari na mamba na viboko; fuata njia wanazopita wenyeji wanaochota maji.

## Maswali yanayokuja mara chache

23. Nimeokota kigae cha chungu cha kale. Nichukue?

Kiache palepale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863, na kuchimba bila leseni ni kosa. Zaidi ya sheria, kigae kikiondolewa kwenye tabaka lake kinapoteza habari yake yote. Tarehe tulizozitaja kwenye swali la 6 zilipatikana kwa sababu mkaa na vigae vilikutwa pamoja, mahali vilipoachwa. Ukiona vigae vingi vimefichuliwa na mmomonyoko au na mtu anayechimba msingi wa nyumba, toa taarifa kwa ofisa utamaduni wa halmashauri.

24. Maji ya chemchemi ni dawa?

Kuyanywa ni hatari. Maji yenye chumvi nyingi huvuta maji ya mwili, hutapisha na kuharisha, na kwa mtoto mdogo yanaweza kuua. Usimpe mtoto anayeharisha maji ya chemchemi kwa kudhani ni sawa na ORS. Pakiti ya ORS ina vipimo vya chumvi na sukari vilivyopangwa kwa lita moja ya maji safi. Chemchemi haina vipimo.

25. Ng'ombe wangu wanapenda kulamba magadi na udongo wa chumvi. Niwalete Uvinza?

Nunua chumvi uwapelekee huko waliko. Kuswaga ng'ombe hadi kwenye kingo za Ruchugi kunavunja kingo, kunachafua maji ya watu wa chini, na kunakuingiza kwenye katazo la mita 60 lililotajwa kwenye swali la 17. Chumvi ghafi inafaa kwa mifugo. Iweke kwenye kihori chenye paa, mvua isiiyeyushe, na maji ya kunywa yawe karibu muda wote.